Ahirisha safari ya Ijumaa: nenda kwanza wewe, bila mtoto

Mkuu, usipande hilo basi na huyo mtoto. Nimesoma majibu yote hapo juu, watu wanakupongeza tu na kukuombea, hakuna hata mmoja aliyekuambia subiri.

Kwa waliochelewa kuingia: mleta mada anasema mama yake yeye alimwokota mtoto wa watu wa miaka 9 stendi ya Msamvu, Morogoro, na wiki nzima sasa yuko naye nyumbani. Mtoto alikuwa amepakiwa basi peke yake, chini ya kondakta. Baba wa mtoto yuko Dar, mama wa mtoto yuko Dodoma, hawasemeshani tangu waachane, na kila mmoja aliamini mtoto yuko kwa mwenzake. Mpango ni Ijumaa ampeleke kwa bibi mzaa baba na kuziita pande zote mbili bila kuwaambia kuna nini, kwamba wakimwona watalia, watashikana mikono, yaishe.

Kwanza, leo hii nendeni kituo cha polisi, Dawati la Jinsia na Watoto, mwandikishe taarifa mpewe RB (namba ya kumbukumbu ya taarifa polisi), kisha muonane na ofisa ustawi wa jamii wa halmashauri. Ukishindwa kwa kuanzia, piga 116, simu ya msaada kwa watoto, ni bure. Kukaa na mtoto wa watu wiki nzima kimya kunaweza kukufanya mtuhumiwa hata kama unamlisha vizuri. Na wazazi waambiwe leoleo kupitia ofisi hiyo kwamba mtoto wao yu hai, wasikie sauti yake kwenye simu. Habari njema haicheleweshwi. Kinachongoja ni mtoto kurudi.

Sasa kanuni yenyewe, na ukisahau mengine yote shika hii: mtoto aliyepotelea katikati ya ugomvi wa wakubwa harudishwi mpaka wakubwa wamekaa, wamesemezana na wamekubaliana, yeye akiwa hayupo. Mtoto wa miaka minne aliyeachia mkono wa mama yake sokoni Kariakoo ni habari nyingine, huyo anarudi siku hiyohiyo mikononi mwa polisi. Wako hakuachia mkono. Wako alikuwa hana mkono wa kushika.

Ninajua shughuli za namna hiyo zinavyokwenda. Saa ya kwanza ni vilio, vigelegele, picha, mtu anatuma kuku achinjwe. Jioni wageni wakishatulia linaanza swali moja: nani alimpoteza? Shangazi atasema mama alimtupia kondakta kama mzigo. Upande wa mama watajibu kwamba baba hakuwahi kutuma hata daftari. Halafu anaitwa mtoto, anasimamishwa katikati ya sebule, anaambiwa "sema ukweli, nani alikuwa anakupiga?" Hapo mmemfanya shahidi dhidi ya mzazi wake mmoja mbele ya ukoo mzima. Chochote atakachosema kitamuumiza mtu anayempenda. Usiku anasikia wanavyotukanana kwa sababu yake, na njia ya stendi anaijua. Mtoto aliyeondoka mara ya pili ni mgumu zaidi kumrudisha, kwa sababu ameshajifunza kutaja jina la uongo na kijiji cha uongo.

Hao wanaokuandikia "damu nzito kuliko maji, mpeleke tu" nawaomba wanyamaze. Wao hawatakuwepo saa tano usiku. Na wapo watu wanaofanya kazi hii kwa kuhesabu watoto waliofikishwa mlangoni, wanapiga picha ya kukumbatiana, wanaandika ripoti, wanaondoka. Kumfikisha mlangoni ni nauli tu.

Fanya hivi. Nenda na ofisa ustawi, mtoto abaki. Mkifika msianzie kwa familia, anzieni kwa mwenyekiti wa mtaa, muulize nyumba ile ikoje, nani anaishi humo, kelele zake ni za nini. Pitieni shuleni alikosoma, mwalimu wa darasa huwa anajua mtoto alianza lini kusinzia, alianza lini kuja bila kula. Ndipo muingie nyumbani. Angalieni atalala wapi, na nani, kitanda gani. Sikilizeni swali la kwanza la kila mtu mzima. Anayeuliza "anakula? anaumwa?" ndiye wa kumjenga. Anayeanza na "nani alimchukua?" bado yuko vitani, mpeni muda.

Kabla hamjaondoka muulizeni mtoto anataka mjue nini kwao. Watoto huuliza mambo madogo sana: kama mbwa bado yupo, kama mdogo wake ameanza shule, kama nguo zake amepewa mtu mwingine. Pelekeni maswali hayo kama alivyoyasema. Nimeona mzee aliyekuja amekunja uso akavua kofia kwa swali kama hilo. Maoni ya mtoto ni haki yake pia, Sheria ya Mtoto ya 2009 inasema hivyo.

Mkigundua alikimbia kipigo cha kuumiza au alikuwa anaingiliwa, hakuna kikao cha upatanisho. Hiyo ni kesi: PF3 (fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali), hospitali, polisi, na mtoto anabaki mahali salama mpaka ustawi waseme. Asije mzee wa ukoo akayamaliza kwa mbuzi.

Kama si hivyo, wasikilizeni wazazi kila mmoja peke yake, ndipo muwakutanishe, na isiwe kwa bibi mzaa baba! Huko mama anaingia akiwa ameshashindwa. Kaeni ofisi ya mtaa au ya ustawi. Waje wazazi na mtu mzima mmoja kila upande, yule anayesikilizwa, hata kama ni mjomba asiyesema sana. Ukoo mzima usije. Jiandae kwa hoja ya miaka saba, lazima itatokea: "amepita saba, sheria inasema ni wa baba." Sheria haisemi hivyo. Inasema aliye chini ya miaka 7 huchukuliwa kwamba ni vyema akae na mama, na hata hilo linaweza kupingwa. Baada ya saba hakuna kuhamia kwa baba moja kwa moja, kinachoangaliwa ni maslahi ya mtoto. Wakishindwana, mlango ni Mahakama ya Watoto.

Msiwaombe wasameheane siku hiyo. Waombeni waandike mambo manne kwenye karatasi, wasaini mbele ya ofisa: mtoto analala kwa nani siku za shule, nani anatoa nini na tarehe ngapi ya mwezi, likizo anakwenda wapi, na akisafiri nani anampakia na nani anampokea.

Hilo la mwisho ndilo lililompoteza huyu, na ndilo litakaloponya. Mtoto wa miaka 9 asipakiwe peke yake, hata kondakta akiwa jirani. Asindikizwe na mtu mzima anayejulikana na pande zote. Anayempakia ampigie mwenzake kabla basi halijaondoka, ataje kampuni, namba ya gari na saa. Anayempokea apige akiwa ameshamshika mkono. Namba zote mbili ziandikwe kwa kalamu isiyofutika ndani ya shati, na mtoto azikariri. Watu waliokuwa hawasalimiani wanalazimika kuambiana "ameshapanda", "ameshafika". Likizo ya kwanza ni maneno mawili makavu. Baadaye mmoja anauliza kama mtoto alikohoa njiani. Huko ndiko familia inakorudi, na wala haihitaji kikao.

Picha usiweke kwenye magrupu, wataibuka wajomba usiowajua. Akirudi, ofisa apite wiki ya kwanza, mwezi wa kwanza na mwezi wa tatu, na aongee na mtoto wakiwa wawili tu, nje, mbali na masikio ya wakubwa. Andika hapa ukishapata RB.