Uzamili wa ustawi wa jamii: usikope kwa ajili ya jina

Dada, hongera kwa kupata nafasi zote mbili. Unauliza kama uache Chuo Kikuu Huria, ambako ungesoma ukiwa hapahapa Mbeya na kazi yako ya halmashauri ikiendelea, ukakope uende chuo chenye jina Marekani. Mimi nasema usikope.

Kama nia yako ni kurudi halmashauri, mshahara unafuata muundo wa utumishi, haufuati jina la chuo. Shahada ya nje nayo lazima itambuliwe na TCU, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania. Na huko Marekani kwenyewe, kwenye leseni wanatazama kama programu imeidhinishwa na CSWE, baraza lao la elimu ya fani hii. Chuo ghali na cha bei nafuu vyote vinabanwa na sharti moja: mafunzo kwa vitendo yasiyopungua saa 900.

Hayo mafunzo ndiyo ya kuyapigania. Uliza nani atakusimamia. Msimamizi mzuri anakaa na wewe, jalada la mtoto anayelala sokoni Mwanjelwa likiwa mezani, anakuuliza kwa nini umeandika "mtukutu" na hujaandika nani alimpiga. Hilo hulikuti kwenye orodha ya vyuo bora.

Ukipata ufadhili kamili, nenda, tena haraka. Ufadhili wa nusu uukague vizuri: kodi ya nyumba, bima ya afya na nauli mara nyingi havimo. Na kabla hujalipa chochote, muone afisa utumishi kuhusu ruhusa ya masomo, akupe kwa maandishi.