Apex Legends kukataa kufunguka kwenye Linux

Ndugu, nimekuelewa: umehamishia kompyuta yako ya mezani kwenye Linux (mfumo endeshi unaotumika badala ya Windows), mchezo wa Dota 2 unacheza vizuri, lakini ule wa Apex Legends unakutoa kabla hujaingia uwanjani. Kosa si lako. Proton, programu ya kampuni ya Valve, huendesha michezo mingi ya Windows ndani ya Linux, na tangu mwaka 2021 programu za kuzuia udanganyifu kama Easy Anti-Cheat na BattlEye zinaweza kufanya kazi humo, ila ni lazima mtengenezaji wa mchezo aruhusu. Wenye Apex walifunga mlango huo Oktoba 2024, na mchezo mwingine, Valorant, haujawahi kuufungua, kwani programu yake ya kuzuia udanganyifu hukaa ndani ya kiini chenyewe cha Windows.

Ningekushauri ununue diski ya pili, hata iliyotumika, pale Luthuli Avenue, Nairobi (mwambie fundi aipime mbele yako), uweke Windows humo kwa ajili ya mchezo huo tu. Hifadhi nakala ya faili zako kwanza, kisha uchomoe diski ya Linux unaposakinisha. Mimi sikuichomoa, na jioni nzima ikaishia kwenye kioo cheusi. Kompyuta pepe (yaani Windows inayoendeshwa kama programu ndani ya Linux) usiijaribu: akaunti yangu ya mchezo mmoja ilifungiwa kwa sababu hiyo, na rufaa haikunisaidia.

Kabla ya kununua mchezo mwingine, soma kwanza taarifa za wachezaji kwenye tovuti ya ProtonDB, kuona kama unacheza kwenye Linux.