Jogoo wa Mkwe Alibaki Amefungwa Kwihara

Shikamoo Shangazi. Mimi ni mwanamume wa miaka 43, ninaishi Dodoma, nimeoa miaka 14 iliyopita na tuna watoto watatu. Likizo ya Juni niliamua kuipeleka familia nyumbani Ujiji, ili watoto wamwone bibi yao ambaye sasa ana miaka 78, na waone mahali nilipokulia: mwembe wa Livingstone, stesheni ya Kigoma, ziwa na meli ya Liemba. Mke wangu alitoa mgawo wake wa kikoba, mimi nikaongezea, tukatengeneza gari letu aina ya Noah na kuondoka alfajiri. Tabora tulipita Kwihara kumsalimu baba mkwe, ambaye ni mgane, tukakaa kama dakika 40. Gari sikulizima kwa sababu stata ilikuwa inasumbua tangu tulipokula Itigi. Mzee alikuwa amefunga jogoo chini ya mti, akataka tusubiri achinjwe, na mke wangu naye akataka twende makaburini kwa mama yake, wakati mimi nilikuwa nakimbizana na muda. Nilimpa mzee shilingi 20,000 na kumwomba radhi. Niliposema tuondoke, mke wangu, ambaye alikuwa ananung'unika tangu Itigi, alimshusha mtoto wetu mdogo, akachukua begi lake na kusema tumwache hapo. Niliondoka na watoto wakubwa wawili, tukalala gesti Urambo. Kigoma tulikaa siku 6, nikafika hata Gombe, lakini furaha yote iliharibika na mama yangu amenuna mpaka leo. Kurudi nilipitia Kasulu, Kibondo na Nyakanazi kwa kuwa njia ile ni nzuri. Sasa ni wiki ya tatu, mke hajarudi, na nikipiga simu anapokea mtoto. Mwanamke anayemvunjia mumewe heshima njiani namna hii, je, nimrudishe kwao kabisa?

Niliyeachwa Safarini, Dodoma

Marahaba, mwanangu. Pole kwa safari ndefu, na pole kwa nyumba iliyopoa. Pole yangu inaishia hapo, kwa sababu barua yako nimeisoma mara tatu, na kila nilipoirudia nilizidi kumwonea huruma mtu ambaye hakuiandika.

Barua ilikuwa na kurasa nne, nami nimeifupisha. Katika kurasa hizo, Liemba imepewa ukurasa mzima: kwamba iliundwa Ujerumani mwaka 1913, kwamba Wajerumani wenyewe waliizamisha mwaka 1916 ili isitekwe, na kwamba iliopolewa mwaka 1924 ikiwa bado nzima. Mimi ni mtu wa Kigoma, honi ya meli hiyo nimeisikia kabla sijajua kusoma, kwa hiyo maelezo hayo sikuyahitaji. Mkweo naye amepata mistari sita, na minne kati ya hiyo inamhusu jogoo. Mtu akitaka kujua safari hii ilikuwa ya nani, asiniulize mimi, ahesabu mistari.

Tuanze na stata, maana hapo ndipo barua yako ilipoanza kunukia. Unasema ilikuwa inasumbua tangu Itigi, mahali ambapo mlizima gari, mkala, mkashiba, na stata ikaitika. Urambo mlizima gari usiku kucha na asubuhi likawaka, kwani Kigoma mlifika. Ni uwanja mmoja tu katika safari nzima ambao stata hiyo iliuogopa, nao ni uwanja wa mkweo. Mwanangu, gari linalounguruma mlangoni kwa mtu ni maneno, na mzee huyo, hata kama masikio yamepungua nguvu, aliyasikia. Ulikuwa unamwambia kwamba kwake ni kituo cha kuchimba dawa.

Kisha unasema ulikuwa unakimbizana na muda. Muda gani huo? Kutoka Tabora hadi Urambo ni mwendo usiozidi saa mbili, na huko ndiko mlikolala. Maana yake ulimnyima mzee usiku mmoja uliokuwa nao mfukoni, ukaenda kuulipia gesti, wakati kwa mkweo, kama ninawafahamu wazee wa Unyamwezi, shuka zilikuwa zimekwisha kutandikwa na watoto wa jirani wametumwa kuteka maji ya kuoga. Ungekuwa umefululiza hadi Uvinza kwa sababu mama yako mgonjwa amekuita, ningekutetea. Kwa gesti ya Urambo sina utetezi.

Sasa nije kwenye jogoo, ambaye wewe umemtaja kama kero. Labda umekaa mjini muda mrefu ukasahau jinsi jogoo wa kienyeji anavyokamatwa. Mzee hawezi kumkimbiza mchana, atamzungusha mihogo yote ya shambani na mwisho ataruka juu ya paa. Jogoo hukamatwa usiku akiwa amelala, au alfajiri kabla banda halijafunguliwa, mtu akiinama na kurunzi mdomoni na mkono mmoja ndani ya banda. Halafu hufungwa mguu kwa kipande cha kitambaa, si kamba, kwa sababu kamba humchuna, akawekwa kivulini na punje za mtama na maji kwenye kifuu ili akae mpaka wageni wafike. Kwa hiyo saa ile mlipokuwa mnawasha gari Dodoma, kule Kwihara kulikuwa na mzee mgane aliyekwisha kuamka, ameinama bandani gizani kwa ajili yenu. Mtu huyo ndiye uliyempa shilingi 20,000. Hukuniambia ulimpa ukiwa umekaa wapi, lakini kwa kuwa gari lilikuwa linawaka, ninahofia ilikuwa ni kupitia dirishani.

Na makaburini je? Hukuandika mama mkwe alifariki lini, ila ukurasa wa tatu umeponyokwa na kusema kwamba mke wako hakuwa amefika tena huko tangu matanga. Binti amekaa Dodoma, ametoa mgawo wake wa kikoba, fedha ambayo mwanamke huikusanya mwaka mzima kwa elfu mbili elfu tano, ameiweka kwenye matengenezo ya gari na mafuta ili gari hilo limfikishe kaburini kwa mama yake akang'oe majani. Gari limefika, kaburi liko nyuma ya nyumba au hatua chache kutoka hapo, na dereva anaangalia saa. Unasema alikuwa ananung'unika tangu Itigi. Mimi nasoma kwamba tangu Itigi alikuwa anakuomba, na wewe ulikuwa umeongeza sauti ya redio.

Kuna jambo jingine lililonichekesha, ingawa si la kuchekesha. Unajisifu kwamba uliwasimamisha watoto Ujiji zaidi ya saa nzima mbele ya mnara, ukawaeleza jinsi Stanley alivyomkuta Livingstone mwaka 1871. Ni vizuri, watoto wajue, ingawa mwembe wenyewe ulishakufa zamani na iliyopo leo huelezwa kuwa ni vizazi vyake. Lakini Livingstone huyo huyo, alipotoka Ujiji na mwenzake, alikwenda kukaa wapi? Alikwenda kukaa Kwihara, na baada ya Stanley kuondoka Machi 1872 alibaki huko kwenye tembe, nyumba ya udongo yenye paa bapa, mpaka Agosti, akisubiri wapagazi na vifaa. Tembe hilo leo ni jumba la makumbusho, na babu yao wa kuwazaa anaishi huko huko. Angeweza kuwashika mikono akawapeleka kwa miguu, akawaambia habari za misafara ya Wanyamwezi waliobeba pembe za ndovu hadi pwani, na pengine habari za wazee wake mwenyewe ambazo haziko kwenye kibao chochote. Mgeni kutoka Uingereza alikaa Kwihara miezi, mkwe wa nyumba dakika 40.

Unasema mama yako amenuna kwa kuwa mke wako aliharibu furaha. Je, ni yeye aliyekuambia hivyo? Mimi nadhani mama yako amekununia wewe. Mwanamke wa miaka 78 aliyekuwa akimsubiri mkamwana na wajukuu watatu akaletewa wajukuu wawili na mwana mwenye maelezo marefu, haulizi mara mbili. Tena Gombe watoto wadogo hawaruhusiwi kuwafuata sokwe msituni, nawe hukusema kwamba ulikwenda nao. Kwa hiyo uliwaachia watoto bibi yao, ukapanda boti Kibirizi peke yako kwenda kutazama jinsi sokwe wanavyolea. Wahenga wamesema nyani haoni kundule. Juu ya sokwe hawakusema kitu, lakini nadhani mambo ni yale yale.

Nimeishi vya kutosha kuona ndoa za siku hizi zinavyougua ugonjwa huu. Kijana akioa, kwao kunakuwa nyumbani, na kwa mkewe kunakuwa "kwa kina mama fulani", mahali pa kupita. Likizo zikifika, siku zinahesabiwa kama mirathi, kwa mume siku sita, kwa mke nusu saa, na hiyo nusu saa mke anatakiwa ashukuru. Mahari ikishalipwa, wengine hudhani wamenunua na usahaulifu wa binti, kwamba sasa hana baba, hana kaburi la kupalilia, hana mwembe aliokwea. Nawe una mahali unapopapenda, na umenieleza kwa uzuri mpaka nikatamani kushuka stesheni kutazama jengo hilo ambalo reli ililifikia mwaka 1914. Kinachonishangaza ni kwamba mtu anayependa kwao kiasi hicho hakuwahi kujiuliza kama mwenzake naye ana kwao. Ukipenda boga, penda na ua lake, na ua la boga lako liko Kwihara, limezeeka, na halina mtu wa kulipikia.

Marehemu mume wangu alikuwa mtu wa Urambo. Kila mwaka alipokuja Mwanga, pale Kigoma, kwa baba yangu, hawakuwa na mazungumzo yoyote ya maana. Walikuwa wanacheza bao barazani kuanzia chai ya asubuhi mpaka adhana ya alasiri, na maneno waliyosemezana, ukiondoa ubishi wa kete, yasingejaza kiganja. Baba alipofariki, mume wangu ndiye aliyejua dawa zake zilikuwa zinawekwa kwenye kopo gani, na mimi bintiye sikujua. Vitu hivyo havijulikani kwa mtu aliyeacha gari linawaka.

Mkeo nitamlaumu kwa jambo moja dogo: angeweza kukuzuia kwa maneno ndani ya nyumba kabla hajatoa begi mbele ya watoto. Ila sijui kama maneno yangesikika kwa muungurumo ule. Na kuhusu swali lako la kumrudisha kwao kabisa, soma tena ulichoandika: yupo kwao, alikwenda kwa gari ulilokuwa unaendesha wewe mwenyewe. Hajakutoroka. Wewe ndiye uliyetoroka uliporudi kwa njia ya Nyakanazi, ukazunguka nusu ya magharibi ya nchi ili usipite mlangoni kwa mzee mmoja, kisha ukaniambia ni kwa sababu ya uzuri wa barabara.

Utafanya hivi. Usimpigie tena simu kumuuliza anarudi lini, kwa sababu hilo si swali lake, ni lako. Mpigie mkweo, umwamkie, umwombe ruhusa ya kwenda kumwona. Mtafute mzee aliyekuwa mshenga wako, na kama hayupo, mtu mwingine mzima anayekuheshimu na asiyekuogopa, mwende pamoja, kwa maana aibu hii ukiibeba peke yako utaigeuza ugomvi ukifika Manyoni. Katika galoni mbili za mawese na gunia la dagaa ulizojisifu kuleta kutoka Kigoma, galoni moja na nusu ya gunia ni za Kwihara. Fedha ya kikoba mrudishie mkeo bila hotuba. Ukifika, lala huko usiku usiopungua mbili, na siku ya kwanza isipite hujakwenda kaburini na jembe mkononi. Watoto wakubwa wawili waende nawe, hata kama shule imefunguliwa. Mwalimu ataelewa, na asipoelewa utakuwa umekosana na mtu mmoja badala ya nyumba nzima.

Mama yako pia mpigie kabla hujaondoka, umwambie ukweli ambao nadhani hukumwambia.

Na mzee akichinja, usijifanye una haraka wala huna njaa. Kaa kwenye kigoda utakachopewa. Firigisi ikiletwa kwenye sahani ya peke yake, ipokee kwa mikono miwili, mkatie na mtoto wako mdogo kipande, na funguo za gari zibaki mfukoni.