Maswali yenu: Mwanafunzi wa sayansi ya jamii anatafuta kazi ya masoko ughaibuni

Barua nyingi za safari hii zimetoka kwa wanaosoma sosholojia, saikolojia, anthropolojia na sayansi ya siasa nje ya nchi zao, na wanaotaka kuingia kwenye masoko. Maswali yaliyojirudia nimeyajibu mara moja.

Niko mwaka wa pili, nasoma sosholojia. Nina vyeti saba vya masoko ya kidijitali nilivyovipata mtandaoni. Niongeze kipi?

Usiongeze. Chukua ulichojifunza kwenye kimoja, ukifanyie kazi halisi, kisha andika matokeo yake.

Shikamoo mwalimu. Kwenye usaili niliulizwa anthropolojia inahusiana nini na masoko, nikabaki kimya. Ningejibu nini?

Marahaba. Ungemjibu msaili kwamba fani yake ya masoko ilijengwa pia na watu wa fani zenu, na kadhaa kati yao walikuwa wageni kama wewe. Paul Lazarsfeld, aliyeshiriki utafiti wa watu wasio na ajira katika kijiji cha Marienthal nchini Austria, alifika Marekani mwaka 1933, na kazi zake juu ya wasikilizaji wa redio zikawa msingi wa utafiti wa hadhira. Mwanasaikolojia Ernest Dichter, naye kutoka Vienna, alifuata mwaka 1938 na kuwazoesha wafanyabiashara kuzungumza na mteja kwa kirefu badala ya kuhesabu tu walionunua. Mwaka 1998 kampuni ya teknolojia ya Intel ilimwajiri mwanaanthropolojia kutoka Australia, Genevieve Bell, achunguze watu wanavyoishi na teknolojia.

Historia hiyo itakufungulia mlango tu. Kinachonisikitisha ni kuona mnaficha kitu bora mlicho nacho. Wasifu unaanza na "mbunifu, mchapakazi, napenda mitandao ya kijamii", halafu tasnifu inatupwa mstari wa mwisho kwa jina lake refu. Tuseme inaitwa "Mchakato wa kujenga imani kwa taasisi za fedha miongoni mwa vijana wahamiaji". Msaili ataipita. Sasa iandike hivi: "Niliwahoji wahamiaji vijana 18 kuhusu namna walivyochagua benki. Wengi walifuata benki ya ndugu au rafiki aliyewatangulia. Nilipendekeza benki iwape wateja wa zamani sababu ya kuwaleta wapya." Hapo kuna walengwa, mbinu, matokeo na pendekezo, na hiyo ndiyo kazi ya masoko yenyewe. Majina ya wananadharia waachie wasimamizi wako. Msaili anataka kujua kama unaweza kutunga dodoso lisilompeleka mtu kwenye jibu unalolitaka, kuchagua sampuli, kumsikiliza mtu bila kumkatiza, na kusoma jedwali la takwimu bila kudanganyika. Wahitimu wengi wa masoko hawakufundishwa hayo kwa kina kama nyinyi.

Niko Uingereza kwa viza ya mwanafunzi. Kampuni ndogo inataka niwatengenezee video na kunilipa kwa kila moja. Sizidishi saa 20 za kazi kwa wiki ninazoruhusiwa, kwa hiyo niko salama, au siyo?

Hauko salama. Hili naulizwa kila mara, na kila mara muulizaji ameshika namba 20 na kuacha maneno mengine yote. Viza ya mwanafunzi ya Uingereza hairuhusu kazi ya kujitegemea. Kulipwa kwa kila video bila mkataba wa ajira ni kazi ya kujitegemea, hata ukitumia saa mbili tu kwa wiki. Hata ukurasa wako mwenyewe ukianza kukuingizia pesa za matangazo, umeanza kugusa katazo lilelile. Kampuni ikikutaka kweli, ikuajiri, ikupe mkataba na ikulipe kupitia orodha yake ya mishahara.

Kila nchi ina hesabu yake. Marekani, mwenye viza ya mwanafunzi ya F-1 hufanya kazi ndani ya chuo hadi saa 20 kwa wiki wakati wa masomo, na kazi ya nje ya chuo inahitaji kibali mahsusi. Kanada tangu Novemba 2024 ni saa 24 kwa wiki nje ya chuo. Australia ni saa 48 kwa kila wiki mbili. Ujerumani tangu Machi 2024 ni siku nzima 140 au nusu siku 280 kwa mwaka, na kujitegemea kunahitaji ruhusa ya ofisi ya wageni. Masharti haya hubadilika, kwa hiyo soma kibali chako mwenyewe neno kwa neno, kisha iandikie ofisi ya wanafunzi wa kimataifa chuoni na uhifadhi majibu yao. Ushauri wa mwenzako wa bwenini hautakusaidia siku utakapoulizwa na uhamiaji.

Niko Marekani, nasoma sosholojia. OPT yangu, yaani kibali cha kufanya kazi baada ya kuhitimu, ni miezi 12, rafiki yangu wa kompyuta anapata miaka mitatu. Kwa nini?

Kwa sababu fani yake iko kwenye orodha ya STEM, yaani sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati, inayomwongezea miezi 24. Kinachotazamwa ni namba ya programu iliyoandikwa kwenye I-20 yako, fomu uliyopewa na chuo kwa ajili ya viza. Uchumi wa kawaida haumo, lakini ekonometria na uchumi wa takwimu umo, na vilevile baadhi ya matawi ya saikolojia ya utafiti. Ndiyo maana nasema mchague programu mkiwa mmeshaiona namba yake, kwa kuwa ukishahitimu hakuna cha kurekebisha.

Hujauliza, lakini kuna mawili yatakayokugharimu. OPT ya kawaida inakuruhusu siku 90 tu za kukaa bila kazi kwa jumla. Na kazi yenyewe lazima ihusiane moja kwa moja na ulichosomea, nawe ndiye unayeeleza uhusiano huo. Mwanasosholojia anayetunga maneno ya matangazo bila kugusa utafiti wa wateja atapata shida kuueleza. Omba kazi ambayo maelezo yake yanataja utafiti, tabia za walaji au uchambuzi wa hadhira.

Lafudhi yangu itanizuia?

Kuandika ovyo kutakuzuia zaidi. Boresha uandishi.

Nimehitimu Uingereza, nimeomba kazi nyingi za masoko, kimya. Nifanyeje?

Unaomba wapi? Mashirika madogo ya matangazo yanavutia kwa jina na picha, lakini mengi hayana leseni ya kudhamini viza. Serikali huchapisha orodha ya waajiri wenye leseni. Anzia hapo, kisha tafuta idara za utafiti wa wateja kwenye kampuni kubwa na kampuni za utafiti wa masoko, maana huko shahada yako ndiyo wanayoitafuta. Fanya hesabu mapema: tangu Julai 2025 kiwango cha kawaida cha mshahara kwa viza ya mfanyakazi mwenye ujuzi ni pauni 41,700 kwa mwaka, ingawa wanaoanza kazi wana kiwango cha chini zaidi, na kazi mpya kwa kawaida inapaswa kuwa ya ngazi ya shahada. Viza ya wahitimu inakupa miaka miwili, na kwa wa shahada ya kwanza na uzamili watakaoomba kuanzia Januari 1, 2027 itakuwa miezi 18. Anayesubiri mwezi wa mwisho ndipo aulize habari ya udhamini amechelewa. Uliza kwenye usaili, kwa adabu na bila kuzunguka.

Kaka mmoja anasema nikimlipa ananipatia kazi ya masoko na barua ya udhamini.

Usimlipe hata senti. Uingereza, udanganyifu kwenye maombi ya viza unaweza kukufungia mlango kwa miaka 10, na yeye atakuwa ameshabadilisha namba ya simu.

Sina uzoefu wowote. Nianzie wapi?

Anzia kwenye chama cha wanafunzi ambacho mikutano yake haijai. Waulize wanachama kumi kwa nini walikuja mara ya kwanza na wengine kumi kwa nini waliacha. Badilisha tangazo kwa kufuata majibu hayo. Andika waliohudhuria kabla na baada, hata kama ongezeko ni dogo, na hata kama halikutokea, mradi ueleze sababu. Kurasa mbili za kazi hiyo zitasomwa kuliko vyeti saba vya yule wa mwanzo.

Ila usichukue barua pepe za watu uliowahoji kwa ajili ya tasnifu ukaanza kuwatumia matangazo. Walikubali kushiriki utafiti, basi. Ulaya, sheria ya kulinda taarifa binafsi, GDPR, inayotumika tangu Mei 2018 inasimamia jambo hilo, na kamati ya maadili ya chuo chako nayo ina la kusema. Watu hao walikueleza mambo yao kwa sababu ulisaini kuwalinda. Ukitaka kuwatumia kitu, waombe ridhaa upya, na asiyejibu muache.