Nimeshusha gari, tairi zinaliwa upande wa ndani

SWALI: Fundi shikamoo. Nipo Njiro hapa Arusha, nna Impreza ya 2005 nimeishusha, springi zilikatwa na kusema ukweli imekaa chini imependeza sana, shida ni tairi. Za nyuma zinaliwa ndani mpaka nyuzi zinatoka wakati upande wa nje kashata (meno ya tairi) bado zipo kabisa, na za mbele nazo zimeanza. Gereji wamenifanyia alaimenti (kupima na kunyoosha tairi zilivyokaa) mara mbili wanasema ipo sawa. Fundi mwingine ananambia ni kemba, ukishashusha gari lazima tairi ziliwe, nikubali au niipandishe. Ndo hivyo kweli? Kuipandisha sitaki.

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Hiyo ya "lazima" usiikubali, magari yaliyoshushwa yanayomaliza tairi zao vizuri yapo mengi tu, kinachotakiwa ni kujua nani hasa anakula tairi. Kemba ni ile tairi kuegemea ndani kwa juu ukiitazama kwa mbele, na kweli ukishusha gari inaongezeka, na kwa kuwa inaonekana kwa macho kila mtu anaishtaki yenyewe. Ila mlaji mkubwa ni tou, yaani tairi kutazama pembeni badala ya kutazama mbele sawasawa, na ukishusha gari mikono ya chini inabadilisha pembe, tai rodi (vyuma vinavyogeuza tairi ukikata usukani) nazo zinabadilisha pembe yake, kwa hiyo tou inahama bila mtu kugusa nati hata moja.

Fanya hesabu uone. Tairi ya 205/55 R16 ina kipenyo cha kama milimita 630. Ikipinda milimita 3 tu kati ya ukingo wake wa mbele na wa nyuma, kila kilomita moja inaburuzwa pembeni karibu mita 5, sasa toka hapa mpaka Moshi kama kilomita 80, tairi imesuguliwa kwenye lami mita 380 hivi na wewe kwenye usukani hujasikia kitu. Weka na kemba juu yake, mzigo wote umelalia ukingo wa ndani, ndo unapata nyuzi.

Kujua ni ipi, pitisha kiganja juu ya kashata kutoka ndani kwenda nje afu rudi. Ukielekea upande mmoja ikiteleza na ukirudi inakwaruza kama msumeno, hiyo ni tou. Ikiwa laini kote ila imeisha kwa kulala kuelekea ndani, hapo kemba ndo inaongoza. Mashimo mashimo kuzunguka tairi ni shokapu imechoka au balansi. Ingeliwa katikati tu ningekwambia upepo umezidi, pande zote mbili upepo mdogo, na upepo fuata kibandiko cha kwenye mlango wa dereva, pima tairi ikiwa ya baridi, usifuate namba kubwa iliyoandikwa ubavuni mwa tairi maana hicho ni kikomo cha tairi sio kipimo cha gari yako.

Sasa hizo alaimenti mbili. Nakuomba uulize kama nyuma walipima kabisa, kwa sababu gereji nyingi zinarekebisha mbele tu, wananyoosha usukani gari haivuti, basi imekwisha. Impreza yako nyuma ina tou ya kurekebisha, kuna bolti yenye kichwa cha duara lisilo na katikati sawa kwenye mkono wa pembeni, ukiizungusha tairi inageuka. Kemba ya mbele nayo inarekebishika kwenye bolti ya juu inayoshika shokapu na nako (kile chuma kinachobeba tairi). Kemba ya nyuma ndo haina pa kurekebishia kiwandani, ukiitaka inabidi ununue vifaa vya kuirekebishia, lakini mi ningenyoosha tou kwanza, mara nyingi kemba iliyobaki tairi inaivumilia. Wapime nyuma kwanza afu mbele, na wakupe karatasi ya vipimo vya kabla na baada, bila karatasi ni maneno tu.

Ila kabla hujalipa mashine nyingine ya alaimenti angalia hizo springi, hapa sikufichi. Springi iliyokatwa ukinyanyua gari kwa jeki inalegea, ikirudi inaweza isikae pale pale, gari inakaa kimo kingine na vipimo vyako vimeondoka nacho, na matuta tuliyonayo toka Tengeru mpaka Usa River shokapu inagonga raba ya mwisho kila mara. Nunua springi fupi zilizotengenezwa ziwe fupi, zikae siku chache zizame, ndo uende kwenye mashine. Afu bushi, zile raba za kwenye maungio ya mikono: bolti zake zikazwe gari ikiwa imesimama kwa miguu yake chini, sio inaning'inia kwenye jeki. Zikikazwa juu, raba inabaki imejipinda muda wote, inachanika mapema na unarudi kule kule.

Na tairi usibadilishe mbili tu. Kama yako inavuta kwa tairi zote nne, kama Impreza nyingi, Subaru wanataka mzunguko wa tairi usipishane zaidi ya milimita 6 hivi, ambayo ni kama milimita 1 tu ya kina cha kashata. Ukiweka mbili mpya na mbili zilizoisha, mfumo wa katikati unaogawa nguvu unafanya kazi bila kupumzika hata barabara iliyonyooka, na bei yake utazisahau bei za tairi.

SWALI: Mimi niko Moshi, Pasua. Tairi ikiliwa ndani naweza kuitoa kwenye rimu nikaigeuza ya nje iwe ndani?

JIBU: Ikiwa haina mshale wa mwelekeo wala maandishi ya kuonyesha upande wa nje, unaweza, ifanyiwe balansi upya, na kwanza rekebisha kilichoila la sivyo utamaliza na upande wa pili. Yenye mshale ukiigeuza kwenye rimu lazima ihamie upande mwingine wa gari, yenye upande maalumu wa nje usiiguse. Na ikishafika kile kinundu cha milimita 1.6 kilichopo ndani ya mfereji wa kashata, hata kama ni kwenye ukingo mmoja tu, hiyo haigeuzwi, inatolewa.