Jibu: Jeraha la zamani la mgongo na uchunguzi wa afya kabla ya kuajiriwa

Ndugu, umeuliza kama ghala la Eneo la Viwanda, Nairobi, linaweza kukukataa kwa sababu eksirei imeonyesha kwamba uliwahi kuvunjika mgongo. Kumpima mwombaji si kosa. Hata hivyo, kifungu cha 5 cha Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 kinakataza ubaguzi kwa msingi wa ulemavu, kinamlinda hata mwombaji ambaye hajaajiriwa, na kinamtwika mwajiri mzigo wa kuthibitisha kwamba hakubagua, ingawa kinamruhusu kutofautisha watu kulingana na mahitaji halisi ya kazi yenyewe. Kama kazi ni kubeba magunia, mgongo imara ni hitaji halisi. Kama ni kujaza daftari la stoo, sidhani. Kwa hiyo mwombe daktari wako barua inayoeleza uzito unaoweza kuinua leo, kwani picha huonyesha mfupa tu, wala haisemi lolote kuhusu uwezo wako.

Usifiche jeraha ukiulizwa waziwazi. Matokeo ya uchunguzi ni data nyeti (taarifa za siri kuhusu afya yako) chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, nawe una haki ya kuyaona na kuelezwa yatatumiwaje. Wakikataa, lalamika kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data. Suala la ubaguzi lipeleke Mahakama ya Ajira, Milimani.