Eti kampuni ya kweli haiombi hela ya serikali?

SWALI: Dada habari za kazi. Mimi na kaka angu tunatengeneza app ya kuunganisha wavuvi wa huku Mwanza na wanunuzi wa samaki. Juzi nikamwambia tuombe ruzuku ya serikali, akaja juu, eti biashara ya kubebwa haikui, mbona Elon Musk kajenga SpaceX na Tesla kwa hela yake. Tumenuniana wiki ya pili sasa. Nani yuko sahihi?
– Msomaji, Mwanza

JIBU: Mdogo wangu, kaka ako hajakosea kila kitu, Musk hela yake aliweka kweli tena nyingi. Ila ukirudi 2008 utaona roketi tatu za mwanzo za SpaceX zilifeli, ya nne ndo ikafika angani Septemba, kampuni iko hoi haina hela, halafu siku mbili kabla ya Krismasi NASA, shirika la anga la serikali ya Marekani, ikawapa mkataba wa dola bilioni 1.6, safari 12 za kupeleka mizigo kituo cha anga. Na hapo NASA walishaanza kuwashika mkono tangu 2006, dola milioni 278, ila hawakuzimwaga zote kwa mpigo, unamaliza hatua hii ndo unalipwa. Tesla nao, wale wa magari ya umeme, walikopeshwa na wizara ya nishati ya Marekani dola milioni 465 mwaka 2010, wakalipa zote 2013, miaka 9 kabla ya muda.

Kinachoniuma mimi ni kingine. Wizara hiyohiyo ilidhamini mkopo wa dola milioni 535 wa Solyndra, watu wa sola, wakafilisika 2011. Sasa angalia, kampuni ikianguka mlipa kodi ndo anabeba hasara, ikitoboa anarudishiwa deni na riba basi, utajiri wote wa wenye hisa. Hiyo siyo haki hata kidogo.

Njoo huku kwetu. M-Pesa unayotumia kila siku, serikali ya Uingereza ilitoa karibu pauni milioni 1 kutoka mfuko wake wa maendeleo, kampuni ya simu ya Vodafone ikaweka na yake, majaribio yakaanza Kenya 2005. Wazo lilikuwa wateja wa Faulu, taasisi ya mikopo midogo ya huko Kenya, walipe mikopo yao kwa simu, basi. Lakini watu wakaitumia wanavyojua wenyewe, huyu anaweka hela ya mauzo ilale humo mpaka asubuhi asiibiwe, yule ananunua vocha anamrushia ndugu yake kijijini, Safaricom, kampuni ya simu ya Kenya ambayo Vodafone ina hisa, wakaona kumbe biashara iko hapo kwenye kutumiana, Machi 2007 wakazindua. Bila ile hela ya mwanzo nani angewalipia miezi yote ile ya kujaribu kitu ambacho benki zilikuwa hazina habari nacho? Na serikali ya Kenya ilikuwa na hisa Safaricom, faida ilipokuja nayo ikachukua gawio, hapo ndo napapenda.

Kwa hiyo ombeni, ila msianze na barua. Nendeni kwanza mwaloni Kirumba alfajiri boti zikiingia, pateni wavuvi hata 20 waitumie mwezi mzima, muone wanaifanyia nini, maana huenda siyo mlichopanga. Halafu ombeni hela kidogo ya hatua moja inayopimika. Na kaka ako mpelekee chai leo jioni, mwambie dada kasema muende wote wawili.